Jiwe la Tabaka, Jiwe la Angani

Mvua ya Kisii haipigi hodi. Saa nane za mchana nilikuwa nimeketi Tabaka chini ya paa la mabati, kitabu mkononi, na jua linachoma. Ilipofika saa tisa vilima vyote vilikuwa vimemezwa na wingu, na maji mekundu yanakimbia baina ya vibanda. Mafundi wa mawe hawakushtuka. Walivuta vigoda vyao ndani hatua mbili, wakaendelea kuchonga kana kwamba hapana kilichotokea.

Nilikwenda Kisii kwa ajili ya arusi ya jamaa, upande wa Wanubi walioko mjini humo tangu zama za askari wa KAR. Arusi ikaisha Jumapili, na basi la kunirudisha Mombasa lilikuwa la Jumanne usiku. Nami si mtu wa kukaa bure. Jumatatu nikapanda Nyamira kuangalia chai, Jumanne nikashuka Tabaka, upande wa Mugirango Kusini, kuangalia mawe. Mkobani nilikuwa na riwaya ya Kiingereza niliyoazimwa na kijana wangu anayesomea uhandisi. Aliponipa aliniambia, "Baba, soma hii kwanza, halafu uniambie kama hadithi za sayansi ni za watoto."

Riwaya yenyewe inaitwa Delta-v. Mwandishi wake ni Mmarekani, Daniel Suarez, na ilitoka mwaka 2019. Hadithi kwa ufupi ni hii. Tajiri mmoja aitwaye Nathan Joyce anaamini kwamba riziki ya wanadamu ya kesho imo katika mawe yanayolizunguka jua. Hangoji serikali. Anawakusanya watu waliozoea hatari, akiwamo mpiga mbizi wa mapangoni aitwaye James Tighe, anawafunza na kuwachuja mpaka wanabaki wanane, kisha anawapeleka kwa siri katika jiwe liitwalo Ryugu, safari ya miaka, wakachimbe. Hapana bendera ya nchi mlingotini. Kuna kampuni, mikataba, wawekezaji na madeni.

Najua wasomaji wengi wa ukurasa huu wakisikia habari za vyombo vya angani husonya na kufunua upande wa pili. Nami nilikuwa hivyo hivyo. Lakini hadithi za aina hii ni za namna mbili. Namna ya kwanza, mwandishi akitaka chombo kiruke, kinaruka, yakaisha. Namna ya pili, mwandishi hujifunga mwenyewe kwa kamba ya maumbile: kila lita ya mafuta lazima ijulikane ilikotoka, kila pumzi ihesabiwe, na mtu akikaa huko bila ya uzito mifupa yake ilegee kama inavyolegea kweli. Suarez ni wa namna ya pili. Chombo chake kimefanywa kizunguke ili watu walio ndani wapate kusimama kwa miguu yao, na sababu imeelezwa mpaka mtu ambaye hesabu ilimshinda darasani akaielewa.

HESABU YA NAHODHA

Jina la kitabu ndilo funguo yake. Maana yake ni badiliko la mwendo. Angani hapana barabara wala upepo wa kukusimamisha, na chombo kikishapata mwendo huenda nao tu. Kwa hivyo safari haipimwi kwa maili. Inapimwa kwa kiasi cha mwendo unachopaswa kuongeza hapa na kupunguza kule, na kila kuongeza na kupunguza kunakula mafuta. Kuzunguka dunia tu kwataka mwendo wa kilomita takriban 28,000 kwa saa. Kuiacha dunia moja kwa moja kwataka zaidi ya 40,000.

Nahodha yeyote wa zamani wa Mji wa Kale angeifahamu hesabu hii bila ya kufundishwa. Kutoka Mombasa kwenda Maskati hakukupimwa kwa umbali, kulipimwa kwa misimu. Aliyeiwahi kusi alifika. Aliyechelewa alivuta jahazi pwani akangoja, hata kama bandari anayoitaka haikusogea hata shubiri moja. Ryugu nayo ina kusi yake na kaskazi yake. Dunia inalizunguka jua kwa siku 365, Ryugu kwa siku 474 hivi, na hukaribiana kwa vipindi. Kuna wakati wa kwenda na kuna wakati wa kurudi. Mwandishi hakulichagua jiwe hili kwa uzuri wake. Amelichagua kwa kuwa ni miongoni mwa yale ambayo nauli yake ya mafuta ni ndogo, na hapo ndipo nilipoanza kumwamini.

Tena jiwe lenyewe lipo. Wajapani walipeleka huko chombo chao Hayabusa2, kilichoondoka Desemba 2014, kikafika Juni 2018, na mwezi wa Desemba 2020 kikaangusha kikasha katika jangwa la Australia. Ndani ya kikasha hicho mlikuwa na vumbi na changarawe za Ryugu, gramu 5.4. Kijiko cha chai hakijai sana kwa uzito huo. Miaka sita ya kazi ya taifa zima!

Wataalamu walipozichungua changarawe hizo walikuta zimejaa aina ya udongo ulioshika maji ndani yake, na mojawapo ya madini hayo huitwa saponaiti. Jina hilo latokana na neno la Kilatini la sabuni, kwa kuwa ukiligusa dini hilo linateleza.

Hapo nikakiweka kitabu chini. Niliinua macho nikamtazama fundi aliyekuwa mbele yangu, magoti yake meupe kwa vumbi, akimkwangua kiboko wa jiwe ambalo Waingereza nao waliliita jiwe la sabuni kwa sababu iyo hiyo.

VUMBI JEUPE

Asiyefika Tabaka hulijua jiwe la Kisii kama kitu cha dukani: sahani, bao la sataranji, kinara cha mshumaa, tembo anayezuia karatasi zisipeperuke. Wazee wa Abagusii walilijua kabla ya duka lolote, wakachonga vyombo vya nyumbani na viko vya tumbaku. Huko Tabaka ni shimo kwanza. Ni mashimo mapana katika ubavu wa kilima, na watu wamo ndani yake kwa sururu na mitalimbo, wakibandua vipande vya jiwe vyeupe, vya waridi, vya kijivu, na mara moja moja vyeusi. Kipande kikitoka hubebwa kichwani au mgongoni mpaka juu. Mvua ikizidi shimo hujaa maji, na ukuta uliolowa hauna ahadi.

Juu ya shimo kazi hugawanywa. Wanaume aghalabu ndio wachongaji, kwa panga, shoka dogo na kisu. Kisha kitu hupita mikononi mwa wanawake, ambao hukisugua kwa msasa ndani ya beseni la maji, msasa mkali kwanza, halafu laini, halafu laini zaidi, mpaka kiking'are. Niliwatazama vidole vyao. Walio na miaka mingi katika kazi hii ncha za vidole zimekuwa laini kuliko jiwe. Baada ya hapo ni nta, au rangi na michoro ya kisu kwa wale wanaoagiza hivyo.

Usidhani ni mikono isiyojulikana duniani. Mchongaji wa Tabaka, Elkana Ong'esa, ana sanamu yake ya ndege wa amani katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Lakini Ong'esa ni mmoja. Walio wengi jina lao halivuki daraja la mto.

Na mimi lazima niungame hapa, kwa kuwa nikinyamaza nitakuwa nimemficha msomaji jambo. Marehemu babangu alikuwa na duka la vinyago Mombasa, mwendo mfupi kutoka Ngome ya Yesu, siku ambazo meli za watalii zilikuwa zikitia nanga kila wiki. Mawe ya Kisii yalikuja kwa basi, yamefungwa kwa majani makavu ya migomba ndani ya magunia. Baba alikuwa mtu mwema, wa swala tano, na mizani yake haikupungua. Hata hivyo alikuwa akiyanunua kwa dazeni, na moja aliyoiuza kwa mtalii ilirudisha bei ya dazeni nzima. Nilikuwa mtoto wa kufungua magunia. Nililipwa soda. Tulisomeshwa kwa mawe hayo, mimi na ndugu zangu wanne, na hata mara moja sikuuliza yalitoka shimo gani.

Fundi aliyekuwa mbele yangu alikuwa mtu wa makamo, Kiswahili chake kizuri. Aliona nimekiacha kitabu nikamkodolea macho.

"Mzee, kitabu hicho kinasema nini?" akaniuliza.

Nikamsimulia. Nilitarajia acheke. Hakucheka. Aliuliza kama mtu wa kazi anavyouliza habari za kazi ya mwenziwe.

"Jiwe hilo ni gumu au laini?"

Nikamwambia kwamba kwa kadiri ilivyoonekana si jiwe moja, ni rundo la mawe yaliyoshikana kwa udhaifu, upana wake karibu kilomita moja, na mvuto wake ni mdogo hata mtu akiruka kwa nguvu huenda asirudi chini.

"Basi hilo si la kuchonga. Ni kokoto." Akapuliza vumbi. "Na shamba ni la nani?"

NANI MWENYE SHAMBA

Swali hilo, msomaji, ndilo lililonifanya niandike makala haya. Nimekisoma kitabu chenye kurasa zaidi ya mia nne, chenye hesabu za mafuta, mionzi na hewa, na mtu aliyeketi juu ya kigoda ameliona jambo kubwa kwa swali moja. Lakini Kisii si mahali pa kustaajabia swali kama hilo. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 na Nyamira 605,576, na upande wa Kisii ni zaidi ya watu 900 katika kila kilomita mraba. Shamba la babu limekatwa kwa wana, la wana likakatwa kwa wajukuu, mpaka kuna mistari ya migomba ambayo upande huu ni wa kaka na upande ule ni wa mdogo wake. Huko mtu hasemi "ardhi" kwa ujumla. Anasema hatua ngapi, kutoka mti upi. Na huko Tabaka, fundi alinieleza, mwenye shimo ana haki yake, mchimbaji ana yake, na mchongaji anayelinunua jiwe bichi ana yake. Ugomvi ukitokea, huanzia hapo.

Angani je? Mataifa yalifanya mkataba mwaka 1967, ukasema kwamba hapana dola itakayojitwalia mwezi wala nyota wala chochote cha juu kuwa milki yake. Maneno mazuri. Mwaka 2015 Marekani ikapitisha sheria kwamba raia wake akichimba jiwe la angani, alichokichimba ni chake, ingawa jiwe lenyewe si la mtu. Luxembourg, nchi ndogo isiyo na bahari wala roketi, ikafuata mwaka 2017, na kampuni zikaanza kuangalia anwani zake. Kwa maneno mengine: shimo si lako, lakini gunia ni lako. Mtu wa Tabaka hahitaji wakili wa kumfasiria.

Sisi Waislamu jambo hili si geni kwetu. Imepokewa kwamba Abyadh bin Hammal alimwomba Mtume (S.A.W.) ampe chumvi ya Maarib, huko Yemen, naye akapewa. Alipoondoka, mtu mmoja aliyekuwapo barazani akaeleza kwamba alichopewa ni kama maji yasiyokatika, chumvi iliyo wazi kila mtu anaichota. Mtume akairudisha. Kutokana na hapo wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wakapambanua baina ya madini ya dhahiri, ambayo hayatengwi kwa mtu mmoja kwa kuwa watu wote wana haki nayo, na yale yaliyofichika ambayo hayapatikani ila kwa gharama na jasho, na juu ya hayo kuna maneno marefu. Jiwe la Ryugu ni la dhahiri au la kufichika? Laonekana kwa darubini, lakini kulifikia ni mali ya kufilisi. Nawaachia mashekhe, ila ningependa kuusikiliza mjadala huo nikiwa na kahawa mkononi.

Wala tusidhani kuwa nchi yetu haijapata kusema neno. Tarehe 3 Desemba 1976, mjini Bogotá huko Colombia, nchi zilizo juu ya mstari wa ikweta zilitoa tamko, nazo ni pamoja na Kenya, Uganda na Zaire ya wakati ule. Zilisema kwamba ile njia ya juu, kilomita karibu 36,000 juu ya ikweta, ambako setilaiti huonekana kama imesimama mahali pamoja, ni sehemu ya mali yao ya asili kama ardhi na maji. Mataifa makubwa hayakukubali, na mambo yakaendelea kama yalivyokuwa. Kisii iko chini ya digrii moja tu kusini ya mstari huo. Ukisimama uwanja wa Gusii usiku ukaangalia juu, unaiangalia karibu kabisa ile kamba ambayo Kenya ilitaka ipimwe kama shamba.

Kuna msomaji atakayesema kwamba tajiri wa kupeleka roketi zake mwenyewe ni mtu wa vitabuni. Hapana. Walikuwako kabla ya hawa tunaowasikia leo, na walikuja karibu nasi kuliko tunavyodhani. Katikati ya miaka ya 1970 kampuni ya Kijerumani iitwayo OTRAG, ya mhandisi Lutz Kayser, ilikodi kwa serikali ya Mobutu eneo la kilomita mraba zipatazo 100,000 katika mkoa wa Shaba. Chukua Kisii na Nyamira pamoja, uzizidishe zaidi ya mara 40, ndipo utalipata eneo hilo. Kayser alitaka roketi ya bei nafuu: mabomba mengi yaliyofungwa pamoja kama tita la kuni, mafuta ya namna ya taa na asidi, na vali zake kufunguliwa kwa mota za vifuta-vioo vya magari. Roketi ya kwanza iliruka Mei 1977. Ya pili Mei 1978. Ya tatu iliruka Juni 1978 mbele ya Mobutu mwenyewe, nayo ikaanguka. Nchi kubwa na jirani wakapiga kelele kwamba hizo ni silaha, na mwaka 1979 kampuni ikaambiwa ifunge virago. Ikaenda Libya.

Laiti Suarez angeandika habari hiyo! Ina kila kitu: tajiri, fundi, mfalme, jasusi, na wanakijiji ambao bila shaka waliamka siku moja wakaambiwa kwamba ardhi waliyolala juu yake imekodishwa mpaka mwaka 2000. Watu hao ndio nisiowaona katika Delta-v. Kitabu kina wahandisi, wanasheria na wenye fedha, lakini hakina mtu ambaye roketi imepita juu ya paa lake.

Nina malalamiko mengine. Mazungumzo ya baadhi ya kurasa yanasomeka kama karatasi ya maelekezo iliyokuja na pampu ya maji. Wale wanane, ukiondoa wawili watatu, niliwatambua kwa kazi zao kuliko kwa tabia zao. Aliyechorwa vizuri kuliko wote ni Joyce mwenyewe, tajiri, kwa kuwa ni mkarimu na mwongo kwa wakati mmoja, anaona mbali na hawezi kulipa madeni yaliyo karibu. Sitasema mambo yanakwishaje, maana kijana wangu hatanisamehe, ila nitasema kwamba hatari iliyonitisha zaidi haikuwa ya mionzi wala ya hewa. Ni pale unapotambua kwamba watu wako mbali na dunia, ndani ya chombo cha mtu anayedaiwa.

Katika lugha yetu riwaya za namna hii ni chache. Mwenzetu wa Pwani, marehemu Katama Mkangi, alijaribu katika Walenisi, iliyotoka mwaka 1995: Dzombo anahukumiwa kifo, anatiwa katika chombo cha kwenda angani ili asirudi, na anafika katika nchi nyingine kabisa. Mkangi hakujali mafuta ya chombo, alijali haki ya huko kinakokwenda. Suarez amehesabu mafuta mpaka tone la mwisho. Ningemwomba Mungu atujaalie mwandishi mmoja wa Kiswahili mwenye kalamu ya kwanza na kikokotoo cha pili.

BEI INAKOKATWA

Kuna jambo moja ambalo kitabu kimelipatia barabara, na nililielewa vizuri zaidi kwa sababu ya Jumatatu yangu ya Nyamira.

Watu hudhani kwamba mchimbaji wa angani anakwenda kuleta dhahabu. Katika riwaya hii hazina kubwa ni maji na vitu vya kutengenezea mafuta ya roketi, na havikusudiwi kuletwa duniani kabisa. Vinapelekwa karibu na mwezi, viuzwe huko huko. Kwa nini? Kwa sababu hata kwa roketi za siku hizi, zilizopungua bei sana, kupandisha kilo moja tu juu ni maelfu ya dola. Maji yaliyo chini hayana bei. Maji yaleyale yakiwa tayari yako juu ni mali. Kitu hakikubadilika, kimebadilika mahali kilipo, na aliyekisogeza ndiye anayekula.

Nyamira wanachuma majani mawili na chipukizi lake, asubuhi mapema, umande haujakauka. Majani hupimwa kituoni, lori huja, na siku iyo hiyo lazima yafike kiwandani, Kebirigo au Nyansiongo au Sanganyi, la sivyo yanaharibika. Hiyo nayo ni kusi na kaskazi ya saa chache. Mkulima hupokea malipo yake ya mwezi kwa kilo, kisha hungoja bonasi. Lakini bei yenyewe haikatwi Nyamira. Inakatwa kwetu, Mombasa, katika mnada wa chai, kwa dola, na watu wengi miongoni mwao hawajapata kukiona kilima cha chai. Nilizaliwa mwendo wa dakika chache kutoka mnadani, na mama mmoja wa Nyamira, aliyekuwa na kikapu mgongoni, ndiye aliyeniuliza: "Huko kwenu wiki hii wameuza ngapi?" Niliona haya. Sikujua.

Tuseme kweli, na sisi tumeanza kuwa abiria wa matajiri hao. Setilaiti ya Kenya, Taifa-1, ilipelekwa tarehe 15 Aprili 2023 kwa roketi ya kampuni ya SpaceX kutoka California, imepakiwa pamoja na vyombo vya wengine kama mizigo juu ya basi, na moja ya kazi zake ilikuwa kupiga picha za kusaidia kilimo. Mwezi uliofuata Waarabu wawili wa Saudia, Rayyanah Barnawi na Ali Alqarni, walikwenda katika kituo cha angani kwa safari iliyoandaliwa na kampuni ya Axiom. Mwaka 1985, Mwanamfalme Sultan bin Salman, Mwislamu wa kwanza kufika huko, alichukuliwa na chombo cha serikali ya Marekani. Baina ya safari hizo mbili chombo kimehama kutoka mkono wa dola kwenda mkono wa mfanyabiashara. Mawe bado hayajachimbwa na mtu. Kampuni ya Planetary Resources, iliyojitangaza mwaka 2012 kwa makuu, iliishia kununuliwa na watu wa biashara nyingine mwaka 2018. AstroForge ilituma chombo chake Februari 2025, mawasiliano yakakatika. Lakini baba zetu nao walizamisha majahazi mengi kabla ya njia ya Maskati kujulikana.

Mvua ilipungua mnamo saa kumi na moja. Fundi alikuwa amemaliza kiboko wake, amemkabidhi kwa mwanamke aliyekuwa kwenye beseni, naye alimsugua mpaka akatoka wa waridi, na mstari mweupe ubavuni kama wingu. Nilimwuliza fundi kama angekwenda, lau angeitwa, miaka minne kuchimba jiwe la huko juu.

Alifikiri. "Wanalipwa kwa siku au kwa kipande?"

Nikamwambia ni mkataba, fedha nyingi, wakirudi.

"Wakirudi," akasema, akatikisa kichwa, na yule mwanamke wa beseni akacheka kwa mara ya kwanza tangu nifike.

Basi langu lilikuwa la saa mbili, na njia ya kutoka Tabaka kukiwa na tope si ya kuchelewea. Nilimchukua yule kiboko mkononi. Alikuwa bado na baridi ya maji, mzito kuliko anavyoonekana, anateleza kama sabuni. Nikauliza bei. Fundi akanitajia. Kabla sijajijua nikamsikia marehemu babangu akisema kwa kinywa changu:

"Punguza kidogo, bwana."

Akapunguza.